Mkono, Doti na Mita

Asomaye habari za biashara ya kale katika bonde la mto Pangani, ambamo Manundu ya Korogwe imo, hukuta nguo zikihesabiwa kwa doti. Kipimo hicho kilitoka katika mwili wa mtu. Shibiri mbili ni mkono mmoja, yaani dhiraa, toka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni pima, nao ndio upande mmoja wa nguo. Pande mbili ni doti.

Wafanya biashara waliukadiria mkono kuwa inchi 18, nusu ya yadi. Basi doti 10 ni mikono 80, au yadi 40, karibu mita 36 na nusu.

Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, nao walipima kwa mita, ambayo haibadiliki. Mkono hubadilika. Mwenye mkono wa inchi 17 na mwenye mkono wa inchi 19 wakipima doti 10, tofauti yao yapita mita 4, zaidi ya doti nzima iwezayo kumvika mtu.

Kwa hiyo mwalimu ageuzapo hesabu za kale, yafaa aandike "kadiri ya mita" kadha wa kadha, na neno la kale aliache kando yake.