Vijana na Mambo ya Umma: Tukio la Mwaka 1966

Husemwa mara kwa mara, hasa na sisi tuliokwisha kuvuka ujana, kwamba vijana hawajali mambo ya umma. Hawaendi mikutanoni, na wakiulizwa habari za kata yao hunyamaza. Huenda maneno hayo yana ukweli. Hata hivyo, kabla ya kulaumu, yafaa tuitazame historia yetu wenyewe, maana humo tutaona kwamba kijana akiitwa kushiriki huja na maswali yake, na si kila mara wakubwa wamekuwa tayari kuyasikia.

TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai, 1954, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa na umri wa miaka 32. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa hajatimiza miaka 30 alipoanza kuwakusanya wanawake wa Dar es Salaam chini ya chama hicho. Leo watu wa rika hilo husifiwa katika hotuba kuwa nguvu kazi, kisha hukalishwa viti vya nyuma.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, likapokea vijana waliojitolea. Wasomi wengi hawakujiunga. Ndipo mwaka 1966 Serikali ikaamua kwamba wahitimu wa masomo ya juu walitumikie taifa kwa lazima kwa muda wa miaka miwili hivi: kwanza kambini, kisha makazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara.

Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu na vyuo vingine vya Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti hayo. Bango mojawapo lilidai kuwa ukoloni ulikuwa na nafuu. Maneno hayo yaliuma, na yalistahili kuuma, kwani nchi ilikuwa haijatimiza hata miaka 5 ya uhuru, na jasho la wakulima ndilo lililowasomesha hao walioyaandika. Hatuna haja ya kuyapamba. Lakini pamoja na ubinafsi huo palikuwa na hoja ya haki, nayo ni kwamba wakubwa waliowataka vijana wajinyime walikuwa wenyewe wakipokea mishahara minono.

Mwalimu alighadhibika, akawarudisha makwao wanafunzi wapatao 400. Hata hivyo, hoja ile hakuikataa. Papo hapo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya viongozi wengine nayo ikapunguzwa. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kupangisha nyumba na kuwa na hisa katika makampuni. Hatusemi kwamba Azimio lilizaliwa na maandamano yale. Mawazo yake yalikuwa yakikomaa tangu zamani. Tunasema tu kwamba swali la vijana lilipata jibu lililowagusa wakubwa pia.

Wengi wa waliofukuzwa walipokelewa tena mwaka 1967. Mwaka huohuo vijana wengine walitembea kwa miguu masafa marefu kuliunga mkono Azimio, na Oktoba Mwalimu naye akatembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Waliobeba mabango na waliochubuka nyayo walikuwa watoto wa nchi moja.

Katika madarasa yetu tukio hili aghalabu hupitwa mbio, kama aibu ya ukoo. Tungependa lifundishwe lote. Ndugu mwalimu aligawe darasa katika pande mbili, upande mmoja uitetee sheria na wa pili uwatetee walioandamana, kisha pande hizo zibadilishane. Tena, serikali ya wanafunzi shuleni ikileta malalamiko juu ya chakula au maji, ijibiwe kwa sababu, hata kama jibu lenyewe ni hapana. Tumeona shule ambako viongozi wa wanafunzi huchaguliwa kwa shangwe, halafu kazi yao ikawa kupiga kengele tu.

Katiba ya mwaka 1977 humpa raia haki ya kupiga kura atimizapo miaka 18, na akifikisha 21 aweza kugombea ubunge. Mwanafunzi wa kidato cha sita tunayemnyamazisha leo anapouliza habari za maji ya bweni, pengine kura anayo tayari.