Mwongozaji Aliyevaa Suti

Mwaka 1929, walipokuwa wakipiga filamu ya The Wild Party, mwongozaji Dorothy Arzner aliamuru maikrofoni ining'inizwe kwenye ufito wa kuvulia samaki, imfuate nyota wa filamu hiyo, Clara Bow, kokote aendako.

Miaka ya 1930 alikuwa karibu mwanamke pekee aliyeongoza filamu katika studio kubwa za Hollywood. Alikata nywele fupi, akavaa suti na tai, na nyumbani aliishi na mwanamke mwenzake, mtunzi wa dansi Marion Morgan.

Mengine yalisemwa na filamu zake. Katika Dance, Girl, Dance (1940) mchezaji wa dansi anasimama katikati ya onyesho, anawageukia wanaume waliolipa kumkodolea macho, kisha anawasuta. Filamu ilipata hasara. Miaka ya 1970 wahakiki wanawake wakaifufua.