Maua Yasiyonyauka ya Kilimanjaro

Mtu apandaye mlima kutoka Nalemoru, karibu na Tarakea, huvuka kwanza msitu, kisha huingia penye nyika ya baridi, ambako maua meupe na ya manjano huchomoza kati ya mawe. Hata yakikauka, maua haya hayapotezi umbo lake. Yale tuyadhaniayo kuwa petali ni vijani vikavu mfano wa karatasi, vilivyozunguka kundi la viua vidogo mno. Majani nayo yamevikwa manyoya yanayoyakinga na baridi ya usiku na jua kali la mchana.

Wataalamu huyaita Helichrysum, jina litokanalo na maneno ya Kigiriki ya jua na dhahabu. Aina zake mlimani ni nyingi, bali tatu zatuhusu hapa kwa ajili ya majina yake. Helichrysum newii, ipandayo juu kuliko karibu mimea yote yenye maua, ina jina la Charles New, mmisionari Mwingereza aliyefika kwenye theluji mwaka 1871. Helichrysum meyeri-johannis, yenye maua meupe yaliyotiwa wekundu, ni ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Ni ya tatu tu, Helichrysum kilimanjari, iliyopewa jina la mlima wenyewe.

Je, Meyer na mwenzake walikuwa peke yao? La. Mwini Amani wa Pangani alikaa nao katika kambi ya juu, zaidi ya meta 4,000, akawangoja huko walipokwenda kupambana na barafu. Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu naye anakumbukwa kuwa miongoni mwa walioongoza msafara ule. Katika maua hayo matatu, hakuna lililoitwa kwa jina la mmojawapo.

Kilele chenyewe Meyer alikipa jina la Kaisari Wilhelm. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika huko mwenge na bendera, na kilele kikawa Uhuru. Majina ya maua hayakuguswa, kwani kanuni za elimu ya mimea hulinda jina lililotangulia kuchapwa. Kanuni hizo, hata hivyo, hazina amri juu ya lugha zetu. Jina la Kirombo au la Kiswahili haliombi kibali cha mtu, na mwalimu wa Tarakea hakosi wazee wa kuwauliza.