Ramani iliyowazuia mafundi wake

Mwaka 1944 kampuni ya Chad Valley ya Birmingham, Uingereza, iliyozoeleka kwa midoli ya watoto, ililetewa oda isiyo ya kawaida: ramani ya plaiwudi ya pwani ya Ulaya, kuanzia Norwei mpaka Hispania. Wenye oda walihitaji kipande kimoja tu. Vingine vyote vilikuwa vya kuwazuga waliovichonga.

Mafundi wawili waliifikisha Southwick House, jumba lililo karibu na Portsmouth, alikokuwa Admirali Bertram Ramsay, mkuu wa majeshi ya majini ya uvamizi wa Ulaya iliyokaliwa na Wajerumani. Wakaambiwa watundike Normandy, pwani ya Ufaransa, basi. Papo hapo wakawa wanajua uvamizi utashukia wapi, siri ambayo majenerali wa Hitler walikuwa wakiitafuta usiku na mchana. Hawakurudi nyumbani, walizuiwa humo jumbani hadi wanajeshi walipokwisha kushuka ufukweni. Sijui jamaa zao walipewa kisingizio gani.

Ukuta mzima kwa ramani moja haikuwa anasa. Operesheni ilikuwa ya Wamarekani, Waingereza, Wakanada na wengineo, na ramani ya mezani huinamiwa na watu watatu, wanne. Hii waliitazama wote kwa pamoja, huku wanawake wa jeshi la majini la Uingereza wakipanda ngazi kusogeza alama za meli.

Lakini kila jicho lililoongezeka lilikuwa tundu jingine la kuvujisha siri. Ndiyo maana kukawa na kibali kilichoitwa BIGOT: asiye nacho hakuonyeshwa kitu, hata awe na cheo gani. Usiku wa kuamkia 28 Aprili, boti za Wajerumani zilishambulia mazoezi ya uvamizi huo karibu na Slapton Sands, Uingereza, na maofisa kumi wenye kibali hicho hawakuonekana. Je, wametekwa? Maiti zilisakwa moja moja, mpaka zikatimia kumi.

Katika vita vya Afghanistan, miaka zaidi ya sitini baadaye, ukuta ulikuwa umekuwa skrini, na tatizo lilikuwa lilelile: washirika wengi waone kitu kimoja bila siri kuvuja. Ofisa alikaa na kompyuta mbili tatu mezani, moja ya nchi yake, nyingine ya NATO, akihamisha taarifa kwa mkono kwa kuwa mitandao haikuruhusiwa kuonana. Mwaka 2010 ndipo washirika walipoanza kuiunganisha.

Ramani ya Southwick ingali ukutani, alama zake zikionyesha alfajiri ya 6 Juni, meli zikiwa bado majini.