Jina Lisikatwe

Hapa Somanga, samaki wanaposhushwa pwani, ukiita "Abdallah!" watageuka watu watano. Ndiyo maana tunaongeza jina la baba, kisha la babu, mpaka ajulikane anayetakiwa. Urefu wa jina kwetu si madaha; ndio unaomtenga mtu na mwenzake.

Mwaka 1996 mimi na mwalimu mwenzangu tulikwenda chuo kimoja kujifunza kompyuta. Mimi Abdulrahman, yeye Abdulrahim. Mfumo ulipokea jina la kuingilia la herufi 8 tu, desturi ya Unix, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969, wakati kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali na kila herufi ilikuwa gharama. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: herufi 8 za mwanzo za majina yetu ni zilezile, "abdulrah". Mkufunzi akadhani ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, akatupa nafasi moja. Siku ya tatu nikafuta jedwali nililodhani ni langu. Kumbe zilikuwa alama za darasa lake zima. Alikesha akiziandika upya, wala hakunilaumu. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Wazee wetu hawakubana hivyo. Sarafu za shaba za Kilwa ya kale zilikuwa ndogo kama kifungo cha koti, lakini upande mmoja ulibeba jina la sultani pamoja na la baba yake, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, tena yenye vina. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani Hasan ameongezewa jina, Abu al-Mawahib, kwa ukarimu wake. Jina lilirefuka kadiri mtu alivyojulikana.

Wapo wasemao jina refu huchosha kuandika. Ni kweli, basi apendaye fupi achague fupi. Lakini ndani ya Unix yenyewe mtu hutambuliwa kwa namba. Jina limewekwa kwa ajili yetu wanadamu, basi na litutoshe sisi. Linux siku hizi hupokea herufi 32, na mashine haijalemewa.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, mstari wa daftari la mahudhurio ulipokwisha kabla ya jina la mtoto, niliendelea na mstari wa pili.