Umoja Uliozaliwa Ughaibuni: Vyama vya Waesan na Deni la Mazishi

Vyama vya wahamiaji kutoka Afrika Magharibi huelezwa mara nyingi kama maghala ya utamaduni: watu wamehama, wanahofia kupotea, basi wanakusanyika kuhifadhi walichotoka nacho. Kwa Waesan wa Jimbo la Edo, kusini mwa Nigeria, maelezo hayo yanaigeuza historia kichwa chini miguu juu. Umoja ambao vyama vyao vya Marekani na Uingereza vinasemekana kuuhifadhi haukuwapo nyumbani kwa sura hiyo.

Kabla ya ukoloni, Esan ilikuwa falme zaidi ya thelathini, kila moja na mtawala wake, Onojie: Irrua, Uromi, Ekpoma, Ubiaja, Ewohimi na nyinginezo. Zilikuwa na lugha na mila za pamoja, na nyingi zilitambua ukuu wa Oba, mfalme wa Benin, lakini hazikuwa na mfalme mmoja wala baraza moja. Waingereza ndio waliozikusanya chini ya wilaya waliyoiita Ishan. Leo eneo hilo lina serikali tano za mitaa. Mtu wa Uromi alikuwa kwanza mtu wa Uromi.

Mfano wa chama chenyewe ulitoka mijini Nigeria. Tangu miaka ya 1920 na 1930, wafanyakazi waliohamia Lagos na miji mingine waliunda vyama vya watu wa kwao, vyenye ada, katiba na mweka hazina. Serikali ya kijeshi ilipovipiga marufuku vyama vya kikabila mwaka 1966, desturi yenyewe haikufa. Ilivuka bahari pamoja na wanafunzi, na baadaye na wataalamu waliokimbia makali ya marekebisho ya uchumi ya mwaka 1986, thamani ya naira ilipoporomoka na mshahara wa daktari au mhadhiri ukakosa maana. Lagos watu wa mji mmoja waliweza kutosha kuunda chama chao. Ng'ambo hawakutosha. Uchache ndio uliomkalisha mtu wa Irrua meza moja na mtu wa Ewohimi, nao wakajiita Waesan.

Lakini uchache peke yake haumfanyi mtu atoe ada mwaka baada ya mwaka. Hapo naona nguvu ya mazishi. Daktari Christopher Okojie, katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu sheria na mila za Ishan, alieleza jinsi urithi unavyofungamana na wajibu wa kuzika: mtoto wa kwanza wa kiume ndiye mrithi, na ni lazima kwanza amzike baba yake kwa taratibu kamili. Aliye ng'ambo hawezi kulikwepa deni hilo bila kupoteza nafasi yake katika ukoo. Nauli, gharama za mochwari na chakula cha wageni humwangukia kwa wakati mmoja. Waswahili, wenye vyama vyao vya kufa na kuzikana, hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu huyo anataka wenzake karibu.

Peter Ekeh, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1975, alidai kwamba Mwafrika aliyeelimika huitumikia jamii yake ya asili kwa uadilifu ambao serikali haiupati kwake. Nakubaliana naye, ila kwa Waesan wa ng'ambo jamii hiyo ya asili ni mpya, na ina kanuni ambazo wazee wa nyumbani hawakuzitunga. Kanuni nzito kuliko zote ni ya ada. Kwa mila, binti harithi nyumba ya baba yake. Ng'ambo anafanya kazi, mara nyingi hospitalini, na analipa ada sawa na kaka yake. Baba anapofariki, chama kilichopokea fedha zake hakina hoja ya kumnyima rambirambi wala ya kumhesabu nyuma ya mtoto wa kwanza wa kiume. Katika daftari la mweka hazina, wote wawili ni wafiwa kwa kiwango kimoja.