Makabidhiano ya Simu na Tatizo la Ucheleweshaji katika Mitandao Isiyotumia Waya, 1947–2008

Wazo la kuligawa eneo la huduma ya simu katika seli ndogo ndogo liliandikwa na Douglas Ring katika Maabara za Bell, Marekani, Desemba 1947. Faida yake ilikuwa wazi, kwani masafa yale yale yangeweza kutumika tena mahali pengine. Hata hivyo, seli zilileta swali jipya: vipi kuhusu msafiri anayevuka mpaka wa seli kabla hajamaliza kuzungumza? Hataza ya Amos Joel, iliyoombwa mwaka 1970 na kutolewa 1972, ilionyesha namna swichi inavyoweza kuyahamishia mazungumzo kituo kingine bila kuyakata. Uhamisho huo ndio makabidhiano.

Katika mfumo wa analogi uliofunguliwa kibiashara Chicago mwezi Oktoba 1983, simu yenyewe haikuchunguza chochote. Kituo kilipima nguvu ya mawimbi yake. Yalipofifia, swichi iliviuliza vituo jirani, kisha ikaiamuru simu ibadili chaneli. GSM, iliyoanza kutumika Ufini mwaka 1991, iligeuza utaratibu huo. Simu ya GSM hutuma na kupokea kwa vipande vifupi vya muda, na katikati yake husikiliza vituo jirani na kutoa taarifa takriban kila nusu sekunde. Wakati wa kuhama unapofika, kazi ya kutafuta imekwisha kufanyika.

La kushangaza ni kwamba Wi-Fi, ambayo kiwango chake cha kwanza kilitolewa 1997, haikurithi busara hii. Kifaa kilisubiri mawimbi yadhoofike ndipo kianze kutafuta, kikipita chaneli moja baada ya nyingine, kikiuliza na kungoja jibu. Kwa mtu anayepakua faili, kusita huko si kitu. Kwa sauti ni balaa, maana pakiti za sauti kwa kawaida hutumwa kila milisekunde 20. Mwaka 2003 Mishra, Shin na Arbaugh walipima makabidhiano hayo hatua kwa hatua, wakakuta kwamba zaidi ya asilimia 90 ya ucheleweshaji ilitokana na utafutaji peke yake. Kuhama kwenyewe kulichukua muda mdogo sana.

Mwaka uliofuata, kiwango cha usalama cha 802.11i kiliongeza mzigo mwingine: kila kituo kipya kilidai uthibitisho na funguo mpya za siri. Tiba zote mbili zilitoka 2008. 802.11k ilikiwezesha kituo kukipa kifaa orodha ya majirani, 802.11r iliruhusu funguo ziandaliwe kabla ya kuhama. Ni mbinu ya GSM iliyorudi kwa mlango mwingine, miaka 17 baadaye. Uamuzi wa lini kuhama, hata hivyo, uliachwa mikononi mwa kifaa, na vifaa vingi viliendelea kung'ang'ania kituo cha mbali huku kingine kikiwa karibu.